Daftari la Kibofu: Siku Tatu za Kuvunja Kimya

Mhadhara kwa wananchi, Busiu, Wilaya ya Mbale



Nimeombwa nizungumze juu ya simu na afya. Mada hiyo haimaliziki kwa mchana mmoja, kwa hiyo nimechagua kiungo kimoja, kibofu cha mkojo, na kazi moja ya simu, kuandika. Hoja yangu ni hii. Mtu mwenye shida ya mkojo akiandika kwa siku tatu amekunywa nini, amekojoa saa ngapi na kiasi gani, na mkojo umemtoka bila kutaka wakati akifanya nini, atakuwa na ushahidi ambao daktari hawezi kuupuuza. Simu inaifanya kazi hiyo iwe nyepesi na ya siri. Lakini faida yake yote iko mwishoni, maandishi yanapofikishwa mbele ya mhudumu wa afya na kusomwa. Yakibaki ndani ya simu hayamtibu mtu.

Kimya na gharama yake

Kila mwaka wa shufwa ngoma za imbalu, tohara yetu ya jadi, huanza kulia kule Mutoto, na kijana wa Kimasaaba husimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Ushujaa huo nauheshimu. Ila umetuachia mazoea ambayo imbalu yenyewe haikuyadai. Mwanamume akishavuka miaka 50 au 60, anasimama chooni muda mrefu akisubiri mkojo unaotoka kwa matone, anaamka mara nne usiku, na hasemi, kwa kuwa kusema kunaonekana ni kulalamika. Tezi dume inapokua hubana njia ya mkojo kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Siku njia inapoziba kabisa, mzee hukimbizwa hospitali usiku kwa bodaboda, tumbo la chini limejaa, maumivu hayavumiliki, na lazima awekewe mpira wa kutoa mkojo. Usiku huo ulitanguliwa na miaka ya dalili ambazo hakuna aliyeziuliza.

Kwa akina mama kimya kina chanzo kingine. Mama aliyezaa mara kadhaa akikohoa, akicheka au akijitwisha jerikani, mkojo humtoka. Anaambiwa huo ndio uzazi, avumilie. Mwingine alikaa na uchungu siku mbili au tatu, kichwa cha mtoto kikakandamiza kibofu mpaka nyama ikafa na tundu likabaki. Sasa anavuja usiku na mchana. Hiyo ndiyo fistula. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2006 ulikuta kwamba asilimia 2.6 ya wanawake wa Uganda wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupata dalili zake. Ule wa mwaka 2011 ulikuta asilimia 2. Maana yake, katika kila wanawake 1,000 kulikuwa na 20 au zaidi wanaoyajua mateso hayo kwa miili yao. Wengi wao hamkuwahi kuwasikia wakitaja neno lolote sokoni wala kanisani.

Kwa Waislamu liko pia jambo la usafi wa ibada. Mji wetu wa Mbale ni makao ya Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu mwaka 1988, na waumini wako mpaka huku vijijini. Mtu anayedondokwa na mkojo huona nguo yake haifai kwa sala, akaacha kwanza sala ya jamaa, kisha akaacha msikiti. Na hali wanazuoni wa fiqhi walilishughulikia suala lake karne nyingi zilizopita: hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, kisha husali, hata tone likimtoka katikati ya rakaa. Dini ilimfungulia mlango, na aibu ndiyo inayomzuia kuingia. Nawaomba mashehe walioko hapa waliseme hili waziwazi kwenye darsa zao, kwa wanaume na kwa wanawake.

Tena kimya huharibu mwili. Mfanyabiashara wa soko letu hapa Busiu, kwenye barabara ya Tororo kwenda Mbale, akijua kwamba choo kiko mbali au kinalipiwa, huondoka nyumbani bila kunywa maji. Dereva wa safari ya Jinja hufanya hivyohivyo. Anayevuja hujinyima maji zaidi ya wote, akidhani akinywa kidogo atavuja kidogo. Matokeo yake mkojo huwa mzito na mkali, harufu huzidi, ngozi huungua, na njia hufunguka kwa maambukizi na vijiwe. Hatua aliyoichukua kuficha shida ndiyo inayoikuza.

Daftari lenyewe

Wahenga wetu wa biashara walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Afya ya kibofu nayo ni hivyo. Muulize mtu ghafla, “Unakojoa mara ngapi kwa siku?” Atajibu “mara nyingi” au “kawaida”, na majibu hayo mawili hayamsaidii daktari. Kumbukumbu hushika usiku mbaya mmoja na kusahau siku kumi za wastani. Ndiyo maana wataalamu wa kibofu duniani walikuwa wakiwapa wagonjwa karatasi ya kuandikia kabla simu janja haijazaliwa, na mpaka leo siku tatu ndizo zinazopendekezwa mara nyingi. Siku moja inaweza kudanganya. Wiki mbili humchosha mtu, akaanza kujazia kwa kukisia.

Mambo ya kuandika ni sita. Saa. Ulichokunywa na kiasi chake. Kiasi cha mkojo uliotoka. Kama ulibanwa kiasi cha kukimbia. Kama mkojo ulikutoka bila hiari, na ulikuwa ukifanya nini: kukohoa, kuinua mzigo, kufungua mlango, kulala. La mwisho, saa uliyolala na saa uliyoamka, kwa kuwa mkojo wa usiku husomwa mbali na wa mchana.

Msihangaike na vipimo. Kikombe cha tumpeco kinachukua karibu nusu lita. Soda ya chupa ya kioo ni mililita 300. Kwa upande wa mkojo, tafuta kopo la plastiki linaloonyesha ndani ambalo halitatumika kwa kazi nyingine. Nunua kwenye duka la dawa bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake. Jaza maji mara tano umwage ndani ya kopo, hapo ni mililita 100, chora alama. Endelea mpaka 600. Kipimo chako kimekamilika kwa gharama ndogo sana.

Chai ya rangi, kahawa na soda za kola ziandikwe kwa majina yake, si kwa neno “maji” tu, kwa sababu kafeini iliyomo huongeza mkojo na huwafanya wengine wabanwe zaidi. Tunaolima kahawa kwenye miteremko ya Masaaba tunapaswa kulijua hilo. Pombe ya malwa ina ugumu wake: wanywaji wameuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake, na hakuna anayejua amekunywa kiasi gani. Basi andika saa uliyokaa na saa uliyoondoka. Daktari ataelewa.

Katika zile siku tatu, weka moja ya soko au ya kazi, moja ya nyumbani, na moja ya ibada au mapumziko. Mwenye kufunga Ramadhani asiandike siku za funga peke yake, kwa kuwa vinywaji vyote vimehamia usiku na mkojo utavifuata.

Daftari linasema nini

Hapa naomba msikilize kwa makini, maana ndipo utamu wa jambo ulipo. Kibofu cha mtu mzima mwenye afya hubeba kama mililita 300 hadi 500. Wengi hukojoa mpaka mara saba au nane mchana, na usiku hawaamki au huamka mara moja. Ukilijua hilo, kila daftari linaanza kuzungumza.

Tazama daftari la kwanza: mara 14 kwa siku, kila mara mililita 80 hadi 120, jumla kama lita moja na nusu. Figo zinafanya kazi vizuri, mkojo wote ni wa kawaida. Shida ni kibofu kinachodai kufunguliwa kabla hakijajaa. Kama kuna kuungua, tunatafuta maambukizi. Kama hakuna, huenda ni kibofu chenye misuli inayojikunja kabla ya wakati, na tiba yake huanza kwa kukizoesha kusubiri, dakika chache zaidi kila baada ya siku kadhaa.

Daftari la pili: mara kumi, kila mara mililita 400. Mtu huyu naye atasema “nakojoa sana,” kama yule wa kwanza. Lakini jumla yake ni lita nne. Kibofu hakina kosa. Maji ni mengi mno. Huyu apimwe sukari siku hiyohiyo. Wawili wamesema neno moja, na bila vipimo wangepewa dawa moja. Daftari limewatenganisha.

La tatu ni la mzee. Mchana amekojoa mara tano, jumla mililita 700. Usiku ameamka mara nne, kila mara mililita 300, jumla 1,200. Kila mtu nyumbani amekwisha sema ni tezi dume. Lakini tezi iliyobana njia haitengenezi mkojo mwingi usiku. Mtu mwenye umri mkubwa akitoa usiku zaidi ya theluthi moja ya mkojo wake wote, tunatazama miguu kama inavimba jioni, tunasikiliza moyo, tunapima presha na sukari, tunamuuliza juu ya malwa ya saa tatu usiku. Angeweza kufanyiwa upasuaji wa tezi na akaendelea kuamka mara nne.

La nne ni la mzee mwingine: mara nyingi, mililita 60, 70, 50, mkojo dhaifu, na hisia kwamba ndani bado kumejaa. Huyu ndiye wa kuangaliwa tezi dume. Kwa wanaume kama yeye yapo maswali saba yanayotumika duniani kote, yakiuliza juu ya mwezi uliopita, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 5. Jumla ya 0 hadi 7 ni shida ndogo, 8 hadi 19 ya kati, 20 hadi 35 kubwa. Simu inayahesabu kwa dakika mbili, na yakirudiwa baada ya miezi mitatu ya dawa, mgonjwa mwenyewe anaona kama dawa imefanya kazi.

La tano ni la mama: mkojo unatoka kwa kipimo kizuri, lakini kila alama ya kuvuja ina neno pembeni, “nimekohoa”, “nimejitwisha kuni”, “nimepiga chafya”. Misuli ya chini ya nyonga imelegea, nayo inaweza kufundishwa. Daktari Arnold Kegel wa Marekani aliandika juu ya mazoezi hayo mwaka 1948, na mpaka leo ndiyo tiba ya kwanza.

Na la sita: mama haandiki kukojoa hata mara moja, au mara moja moja tu, ila nguo ni mbichi kila saa, usiku na mchana. Huyo asiambiwe afanye mazoezi. Huyo ana fistula mpaka ithibitike vinginevyo, na hospitali ya wataalamu ndiyo mahali pake.

Mmeona, ndugu zangu. Watu sita, malalamiko yanayofanana, njia sita. Kilichozigawa ni kopo lenye alama na saa.

Simu inaongeza nini

Mtaniuliza: kama kopo na karatasi vinatosha, simu ya nini? Nina sababu tatu.

Ya kwanza ni siri. Karatasi iliyoandikwa “mkojo” juu ya meza huonwa na wakwe, wageni na watoto. Mtu anayebonyeza simu haulizwi kitu. Ya pili ni saa: simu inaiandika yenyewe, hata saa nane ya usiku gizani, na hesabu za jumla inazifanya bila kukosea. Ya tatu ni kukumbusha, na juu ya hili mfano wetu bora uko hapahapa Mbale.

Hospitali ya watoto ya CURE inajulikana duniani kwa watoto wenye vichwa vikubwa vilivyojaa maji na watoto waliozaliwa na mgongo wazi. Daktari Benjamin Warf, aliyekuja Uganda mwaka 2000, aliendeleza hapo njia ya kutibu vichwa vile bila kumwachia mtoto mrija mwilini maisha yake yote. Watoto wa mgongo wazi wana adui mwingine, na huyo yuko kwenye kibofu. Neva hazifiki vizuri, kibofu hakijui kujifungua, mkojo hubaki ndani, shinikizo hupanda mpaka kwenye figo, na figo huharibika taratibu bila mtoto kulalamika. Dawa yake ni kumtoa mkojo kwa mpira mwembamba, safi, kila baada ya saa tatu au nne. Daktari Jack Lapides wa Michigan alionyesha mwaka 1972 kwamba mpira huo hauhitaji kuwa wa chumba cha upasuaji. Usafi wa mikono na maji unatosha. Kwa hiyo mama wa kijijini anaweza kuifanya kazi hiyo, na mtoto akikua anaifanya mwenyewe.

Kazi hiyo inategemea saa. Kengele ya simu, hata simu ndogo ya tochi, ikilia saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi, saa moja jioni na kabla ya kulala, imefanya kazi ya muuguzi. Mama akiandika na kiasi kinachotoka, daktari ataona kama kibofu kinakua na mtoto. Kuna kanuni nyepesi ya watoto: ongeza moja kwenye miaka ya mtoto, zidisha kwa 30, utapata mililita ambazo kibofu chake kinatarajiwa kubeba. Mtoto wa miaka mitano ni 180.

Ulaya wamekwenda mbele zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, walitengeneza programu ya simu inayoitwa Tät, inayofundisha mazoezi ya misuli ya nyonga na kukumbusha. Mwaka 2017 walichapisha jaribio la wanawake 123 wanaovuja wakikohoa au kujitahidi. Baada ya miezi mitatu, waliopewa programu walikuwa na nafuu iliyo wazi kuliko walioambiwa wasubiri. Uingereza nako iko programu ya Squeezy, yenye mazoezi na daftari la kibofu ndani yake. Nawaambia haya mjue kwamba jambo hili limepimwa kwa utafiti.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa jirani zetu Tanzania, na haukuhitaji simu janja. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilikuwa ikitibu fistula bure, na bado wanawake hawakufika, kwa kuwa hawakuwa na nauli. Mwaka 2009 walianza kutuma nauli kwa M-Pesa. Balozi wa kijijini humtambua mgonjwa na kupiga simu. Nauli hutumwa kwa balozi huyo. Anamkatia mgonjwa tiketi ya basi. Mgonjwa akifika, balozi naye hupewa asante kidogo. Ujumbe mfupi wa simu uliwatoa wanawake vyumbani walikojificha ukawafikisha kwenye kitanda cha upasuaji. Hapo ndipo ninapopimia programu yoyote ya afya: inamfikisha mgonjwa wapi?

Sisi tuna mahali pa kuwafikisha watu. Busiu tuna kituo cha afya cha daraja la nne. Mbale tuna hospitali ya rufaa, na Jinja ipo nyingine. Soroti, safari ya kilomita kama 100 kutoka Mbale, shirika la TERREWODE linaloongozwa na Alice Emasu lilifungua mwaka 2019 hospitali iliyojengwa kwa ajili ya wanawake wenye fistula, na kazi yao huendelea baada ya upasuaji, mpaka mama arudi kwenye jamii yake. Wahudumu wa afya wa vijiji, VHT, wako kila parokia, na mwaka 2011 Wizara ya Afya ilianza kupokea taarifa za magonjwa kwa ujumbe wa simu kupitia mfumo wa mTrac. Njia ipo. Kilichokosekana ni habari za kibofu kupita ndani yake.

Na daftari halimaliziki na upasuaji. Kwa fistula nyepesi, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 mpira ukae siku 7 hadi 10 baada ya kushona. Mpira ukitolewa, wako akina mama ambao tundu limeziba vizuri na bado wanavuja wakisimama au wakikohoa. Wengine hukata tamaa wakidhani upasuaji umeharibika. Siku tatu za daftari humwonyesha daktari tofauti, na mama akarudishiwa tumaini lenye msingi.

Mambo ya kuangalia

Sasa niseme ya tahadhari, kwa sababu nisingependa mtu aumizwe na ushauri wangu.

Simu nyingi za vijijini ni za watu wawili au watatu. Siri niliyoisifu hufa pale mume, shemeji au mtoto anapofungua simu. Weka namba ya siri kwenye programu. Ikiwa huwezi, tumia karatasi yenye alama zako mwenyewe, au umwombe VHT unayemwamini akutunzie. Nanyi akina baba, kumwachia mkeo simu yake na siri zake za mwili ni sehemu ya kumtunza.

Pili, programu ya bure inaweza kujilipa kwa kuuza habari zako. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data za pekee zinazohitaji ulinzi zaidi, na inataka ridhaa yako kabla hazijakusanywa. Programu ikikuomba majina ya watu wote wa simu yako, au mahali ulipo, kwa ajili ya kuhesabu mkojo tu, ifute.

Tatu, gharama. Mnakumbuka ile kodi ya mitandao ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018. Mwaka 2021 iliondolewa, ikaja asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Chagua programu inayofanya kazi bila intaneti, na ikuruhusu kumwonyesha daktari skrini pale kituoni. Asiye na simu janja atumie ile ya tochi: ajiandikie ujumbe asioutuma, “saa 4, 250, nimebanwa”. Daktari akizisoma mfululizo atapata anachokitaka.

Nne, programu haipimi ugonjwa. Haijui mkojo wako una damu wala sukari. Na zipo dalili ambazo hazisubiri siku tatu. Ukishindwa kabisa kukojoa na tumbo limejaa, nenda sasa hivi. Ukiona damu, nenda kesho asubuhi. Kichocho cha Ziwa Victoria na Nile upande wetu wa Jinja hushambulia zaidi tumbo na ini. Kile cha kibofu, kinacholeta damu kwenye mkojo, kinajulikana Lango, na huko Unguja na Pemba. Lakini kwa mtu mzima damu kwenye mkojo inaweza pia kuwa ya saratani, na haipaswi kuachwa hata kama imetoka mara moja na kukoma. Homa na maumivu ya ubavuni, miguu kulegea ghafla pamoja na mkojo kuziba, mjamzito anayeungua: wote hao waende kituoni bila daftari. Na mama aliyejifungua akaanza kuvuja wiki hiyohiyo asisubiri hata kidogo, kwa sababu tundu dogo likiwahiwa katika wiki za mwanzo, mpira peke yake unaweza kulifunga bila upasuaji.

Ninachowaomba

Kwa wahudumu wa afya: ulizeni. Mgonjwa wa presha, wa sukari, mama wa kliniki ya watoto, mzee wa macho, wote waulizwe swali moja, “Mkojo ukoje?” Na mtu akikuletea daftari lake, lisome mbele yake mstari kwa mstari. Ukiliweka pembeni bila kulitazama, hatakuletea jingine, na hata jirani yake hatajaribu.

Kwa vijana wa Busitema na vyuo vingine mnaosoma udaktari na kompyuta: programu nyingi za kibofu zimeandikwa kwa Kiingereza, zikipima kwa vikombe vya watu wengine. Tutengenezeeni moja ya Lumasaaba, Lusoga na Kiswahili, yenye tumpeco na mtungi wa malwa ndani yake, yenye sauti kwa asiyesoma, isiyohitaji bando. Kaeni na mama mwenye fistula na mzee mwenye tezi kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Hiyo ni kazi ya kuhitimia shahada, nayo itafaa watu.

Kwa viongozi wa soko na wa kaunti ndogo: choo safi kilicho karibu ni tiba ya kibofu. Mwanamke asiyelazimika kuchagua kati ya kunywa maji na kuuza nyanya zake ataugua kidogo.

Na kwako wewe uliyekuja hapa na shida hii, ukakaa nyuma ili uondoke haraka: mficha uchi hazai, na mficha ugonjwa huu haponi. Huhitaji kumwambia mtu yeyote leo. Chora alama kwenye kopo, chagua siku tatu, andika kila tone unalolikumbuka saa ileile linapotokea. Siku ya nne nenda kituoni, mpe mhudumu simu au karatasi hiyo, na useme tu, “Nisomee.” Akikupuuza, mwulize kituo cha rufaa kiko wapi, uende na daftari lako. Nyingi ya shida nilizozitaja leo zina tiba, na tiba hiyo inapatikana kati ya Jinja na Soroti, kwenye barabara mnazozipita kila wiki.